Energy Consumers Australia iko chini ya nani?

Mkuu, umeuliza Energy Consumers Australia, chombo kinachotetea wateja wa umeme na gesi wa majumbani na wa biashara ndogo nchini Australia, kinaendeshwa na nani, na kama ni serikali inayokilipia.

Kisheria ni kampuni isiyo na hisa wala faida ya kugawana, iliyoanzishwa Januari 2015 kwa uamuzi wa mawaziri wa nishati wa nchi hiyo. Mwanachama wake ni mmoja tu: waziri wa nishati wa jimbo la South Australia. Yeye ndiye huteua wakurugenzi wa bodi, ila kwa makubaliano na mawaziri wenzake.

Pesa hazitoki hazina. AEMO, msimamizi wa soko la umeme na gesi, hukusanya tozo kwa kampuni zinazouza nishati, nazo humrushia mteja kwenye bili. Yaani mwenye nyumba na mwenye duka wanamlipia mtetezi wao wenyewe! Sehemu ya fedha hiyo hutolewa ruzuku kwa vikundi vinavyofanya utafiti au kwenda kubishana kuhusu bei mbele ya mdhibiti. Mfumo huu naukubali, maana mtetezi hasubiri bajeti ya wizara.

Kinachonikera ni kwamba mlipaji hana kura. Bodi inateuliwa huko juu, yeye anasikilizwa kwenye mashauriano tu.