Jibu: Je, Barth na Bultmann wote waliikana Biblia?

Ndugu mpendwa, umeuliza kama Karl Barth na Rudolf Bultmann, wanatheolojia wa Kiprotestanti wa karne ya ishirini, ni wa kundi moja lililoikana Biblia. Hapana, usiwatie kapu moja. Barth, aliyekuwa mchungaji wa Safenwil huko Uswisi alipoandika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi (1919), alishikilia kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayesema, nayo Biblia inalishuhudia Neno hilo, ambalo ni Kristo. Bultmann, katika hotuba yake ya mwaka 1941, alidai kuwa mtu anayewasha taa ya umeme na kusikiliza redio hawezi tena kuamini ulimwengu wa pepo na miujiza wa Agano Jipya; kwa hiyo visasili hivyo (masimulizi ya kale yanayoeleza imani kwa picha) vifasiriwe upya, ili wito wa kuamua mbele ya Mungu usikike. Hakusema vifutwe tu, na hapo ndipo wengi humsingizia.

Hata hivyo, hoja hiyo ya umeme hainishawishi. Hapa Bukavu, jirani yangu wa Kadutu huchaji simu yake jioni (siku ambazo umeme umekuja), kisha usiku huohuo husimama kukemea pepo kwa sauti kubwa, wala haoni mgongano wowote.