Cube: barua zenu kuhusu ile muvi ya chumba kimoja

Toleo lililopita niliigusia Cube, muvi ya Canada ya 1997, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Kwa ambao hamjaiona, watu wasiojuana wanazinduka ndani ya chumba cha mchemraba chenye mlango kila upande, hadi sakafuni na darini, na kila mlango unakupeleka kwenye chumba kingine kama hichohicho, vingine salama, vingine vina mtego wa kuua. Basi. Kama hutaki kutobolewa stori kaitazame kwanza ndo urudi hapa.

Kaka, kijana wa pale ninapojaziaga muvi aliniwekea hii kwenye flashi akasema ni moto. Nimekaa nayo mpaka mwisho naona chumba kilekile kinabadilishwa rangi, mara chekundu mara cha bluu, na watu wanagombana tu. Walikosa hela au wametudharau? — Msomaji, Morogoro

Ndugu yangu, jicho lako halijakosea, ni chumba kimoja kweli. Dairekta Vincenzo Natali alikuwa na kama dola 350,000 za Canada mkononi, mengine ni watu kujitolea, hata kampuni iliyofanya kazi za kompyuta haikuwadai kitu. Mwaka huohuo ilitoka Event Horizon, nayo ya kisayansi na ya kutisha, kwa dola milioni 60 hivi, kwa hiyo pima mwenyewe. Wakajenga chumba cha futi 14 kila upande, na katika milango yote ni mmoja tu uliokuwa imara wa kubeba mtu. Kuta zina paneli za kuchomoa, wakitaka chumba cha kijani wanabadilisha paneli, na kwa vile kazi hiyo ilikula muda wakawa wanapiga sini zote za rangi moja ndo wanahamia nyingine, yaani mwigizaji leo anacheza amechakaa hoi halafu kesho anarudi mwanzo wa stori akiwa msafi. Wiki tatu wamemaliza.

Na mimi naamini hapohapo ndo penye utamu wake. Wangekuwa na hela ya vyumba hamsini tofauti, wewe mtazamaji ungejua sasa tumetoka pale tumefika hapa, ungetulia. Hapa hujui. Wametambaa saa nzima, wametokea kwenye chumba chekundu, na wewe unajiuliza si ndo kilekile cha mwanzo? Umepotea pamoja nao.

Halafu angalia Natali anavyotumia mitego, kidogo kidogo, hamwagi. Yule wa mwanzo anaingia chumbani, anasimama, kimya, unaona mistari ya damu inajichora usoni kwake, na kumbe waya zilishapita zamani, ndo anamomonyoka vipande. Rennes je? Mzee ametoroka jela kibao, sote tunasema huyu ndo steling, anarusha buti lililofungwa kamba kupima chumba kama kuna mtego, anawafundisha wenzake kunyonya kifungo cha nguo ili mdomo usikauke, tindikali ikamrukia usoni bado hata hatujamzoea. Kuanzia hapo hakuna mtu unayemwona yuko salama.

Ila chumba cha sauti ndo kinanikaa kichwani mpaka leo. Ukitoa sauti yoyote, miiba inachomoka ukutani, kwa hiyo wanavuka mmojammoja bila hata kuhema. Mara ya kwanza niliiona kibanda umiza, na DJ anayetafsiri akawa anaongea juu ya sini ile yote, "sasa jamaa anapita, anapita, kimya kabisa wazee!" Sikuelewa watu wanaogopa nini. Miaka ikapita nikaiona peke yangu usiku, nikasikia nguo inavyokwaruza chuma, nikajikuta na mimi nimebana pumzi. Kama wewe uliitazama mchana huku unahudumia wateja, naomba uirudie.

Tatizo lake kubwa sio chumba, ni midomo. Wakianza kuongea muvi inashuka. Holloway daktari analaumu serikali kila mlango, Quentin polisi anafoka kwa sauti ileile kuanzia katikati mpaka mwisho, mtu hasemi neno akaliacha hewani, lazima alifafanue. Chumba kimeachwa kijitetee chenyewe, watu wamepewa hotuba.

Mimi nafundisha hisabati sekondari. Zile namba za milangoni zina ukweli, ama ni maneno ya sinema? — Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, umewashika pabaya, ingawa walikuwa na mwanahisabati wa kuwashauri. Yaliyo sawa kwanza: ganda la nje linalofunika vyumba vyote ni futi 434 kila upande, yule binti Leaven anapima chumba, anatoa nafasi ya pembeni, anapata vyumba 26 kila upande, na 26 mara 26 mara 26 ni 17,576 kama anavyosema. Safi.

Shida iko kwenye mitego. Kila mlango una namba tatu za tarakimu tatutatu. Mwanzo anadhani namba tasa ndo zinaashiria mtego, inakataa, Quentin anaponea chupuchupu. Baadaye anagundua kumbe hata namba iliyotokana na namba tasa moja kujizidisha yenyewe ina mtego, mfano 343, ambayo ni 7 mara 7 mara 7. Hapo ndo anatangaza kwamba hakuna binadamu anayeweza kupiga hesabu hizo kichwani, na mpaka Kazan, mwenzao mwenye usonji, aokoe jahazi.

Mwalimu, namba yoyote chini ya 1,000 unaijaribu kwa namba tasa kuanzia 2 hadi 31, ziko 11 tu! Na zile za kujizidisha, 4, 8, 9, 16, 25 na kuendelea mpaka 961, nimekaa nikazihesabu, chini ya 1,000 ziko 25. Ishirini na tano. Unaziandika kwenye kiganja. Leaven ndo anatajwa kuwa kichwa cha hesabu, halafu anashindwa kitu ambacho wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wangemaliza kwa kugawana kazi. Iliniuma, maana wangeweka tu namba za tarakimu tisa tusingekuwa na neno.

Nani alijenga kile kitu na nje kuna nini? Mbona hawasemi? — Msomaji, Dodoma

Hawasemi na wamefanya vizuri. Worth, mmoja wa walionaswa mle, anakiri yeye ndo alichora lile ganda la nje, kazi ya ofisini, hakuuliza la nini, akalipwa. Kila mtu kafanya kipande chake na hakuna anayejua kizima ni nini. Hilo linanitisha kuliko zimwi lolote. Cube Zero ya 2004, muvi nyingine ya mfululizo huohuo, ilituonyesha wahudumu wa mle ndani wakiwa kazini, na hofu ikapungua sana.

Kaka, kilichonikera, mtu mweusi pekee mle ndani ndiye anageuka mnyama. Hukuliona? — Msomaji, Mombasa

Nililiona dada yangu, na sina utetezi. Maurice Dean Wint nusu ya kwanza amemcheza Quentin vizuri mno, polisi anayetaka kila mtu atoke hai, unamwamini. Halafu ghafla anamwachia Holloway kutoka kwenye ukingo wa ganda wakati keshamvuta juu, na baada ya hapo hana roho tena, anahema na kutoa macho tu. Mwishoni wamemwacha nyuma kabisa, anatokea tena kuwaua Leaven na Worth, na hakuna anayetueleza kawafikiaje. Mtu anaweza kuvunjika akiwa kifungoni, sikatai, ila tuonyeshwe anavyovunjika. Na Kazan, mwenye usonji, naye wamempa kazi moja tu ya kuwa mashine ya hesabu, hakuna anayemuuliza anasikia njaa au anaogopa.

Tuko vijana wanne, tuna kamera moja na chumba cha bibi. Tunaweza kutengeneza muvi kama hii? — Msomaji, Tanga

Mnaweza, ila msianze na ndefu. Natali mwenyewe 1996 alianza na Elevated, fupi ya dakika 20, watu watatu wamenasa kwenye lifti, akaitumia kuwaonyesha wenye hela kwamba Cube inawezekana. Dairekta Wanuri Kahiu wa Kenya naye, muvi yake Pumzi ya 2009 ni dakika 20 na ushee tu na ilifika hadi tamasha la filamu la Sundance kule Marekani. Chumba cha bibi kipimeni kwanza, mjue mlango unafungukia wapi na usiku kinatoa sauti gani, halafu andikeni mazungumzo na mkate nusu yake. Mkimaliza nitumieni, nitaitazama usiku, taa zimezimwa.