Muulize Fundi: Blaindi imeanguka na lipu yake

*Shikamoo fundi. Ninakaa Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba tuliyohamia kabla haijaisha vizuri. Dirisha la sebuleni linatazama magharibi, na ikifika saa tisa alasiri jua linafika mpaka kochi la ukutani. Nilinunua blaindi mbili za rola, yale mapazia ya kuviringishwa kwa mnyororo, moja nikaifunga mwenyewe juu ya dirisha kwa drili ya betri ya kaka yangu. Biti iliingia kidogo ikagoma, nikaona inatosha, nikatia fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani) na skrubu. Siku ya tano mwanangu wa miaka miwili alivuta mnyororo, ikashuka yote pamoja na kipande cha lipu kikubwa kama sahani. Mungu alimwepusha. Mume wangu anasema niite fundi. Mimi nataka kuifunga mwenyewe. Nilikosea wapi?*
*Mama wa Tabata*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mshtuko. Kazi hii unaiweza, na tundu la pili utalitoboa vizuri kuliko la kwanza, kwa sababu sasa umeujua ukuta wako.

Hapo biti ilipogoma ulikuwa umefika kwenye linta. Nyumba zetu nyingi za tofali zina mkanda wa zege juu ya madirisha, na mbele yake kuna lipu ya sentimita moja na nusu au mbili. Drili ndogo ya betri inapita kwenye lipu kama kwenye mkate, ikikuta kokoto inabaki kuzunguka tu. Kwa hiyo fisha yako yote ilikaa ndani ya lipu, na lipu kazi yake ni kupendezesha ukuta, haishiki mzigo wa mtu anayevuta kila siku.

Azima au kodi drili ya umeme yenye kugonga, na biti ya zege ya milimita 6 kwa fisha ya milimita 6. Biti ikizidi fisha hata kwa milimita moja, skrubu itazunguka na fisha yake. Funga utepe kwenye biti, sentimita 5 kutoka nchani, utoboe mpaka utepe uguse ukuta. Puliza vumbi lote litoke (funga macho). Skrubu iwe ya inchi mbili. Zile fupi zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi zinafaa kwenye mbao tu. Biti ikilia kwa sauti kali na kukataa kabisa, umekutana na nondo. Usishindane nayo, sogea sentimita mbili pembeni.

Sasa kuna hilo shimo la sahani. Usifunge tena hapo, hata ukiziba kwa saruji leo na kesho. Mimi ningefanya hivi: ningetafuta ubao wa mninga wa inchi mbili kwa moja, mrefu kupita blaindi kidogo, nikaufunga ukutani kwa skrubu tatu au nne ndefu kuliko hizo za inchi mbili, mahali ambapo zege limeshika kweli, kisha vishikio vya blaindi nikavifunga kwenye ubao. Ubao unavuka kidonda, na vishikio unaviweka popote unapotaka bila kuomba ruhusa ya ukuta. Mninga ni mgumu, kwa hiyo toboa kwanza kwa biti nyembamba, la sivyo skrubu itakatika kichwa. Upake rangi ya ukuta, hakuna mgeni atakayeuona.

Kabla ya kutoboa chochote, weka pima maji juu ya ubao. Usipime kwa kufuata dari wala fremu ya dirisha, maana mara nyingi vyote viwili vimepinda. Blaindi ya rola ikiinama hata kidogo, kitambaa kinatembea upande mmoja kila unapokivuta, na baada ya miezi michache kingo zinachanika nyuzi.

Hukuniambia vipimo, lakini umefanya vyema kufunga nje ya shimo la dirisha. Wengi wanapenda kuifunga ndani ili ionekane nadhifu, halafu wanakuta grili imejitokeza na kitambaa kinakwaruza kwenye vyuma. Tena kitambaa cha rola siku zote ni chembamba kuliko vishikio vyake kwa sentimita tatu au nne, kwa hiyo ukiifunga ndani, mistari miwili ya jua inabaki pembeni. Kwa jua la magharibi, blaindi ipite dirisha kwa sentimita 10 kila upande. Hiyo ya pili ikiwa ndefu kupita nafasi yako, kata bomba kwa msumeno wa chuma upande usio na mnyororo, na kitambaa kwa wembe mpya.

Nimeuacha mnyororo mwisho kwa makusudi, uusome ukiwa umetulia. Mjukuu wangu akiwa na umri wa mwanao nilimkuta amejivisha mnyororo wa blaindi shingoni kama mkufu, anachekelea. Mimi ndiye niliyeifunga blaindi ile. Mtoto akiteleza hapo halii, kwa sababu hewa ya kulilia haipiti. Ndani ya boksi kuna kidude kidogo cha plastiki ambacho watu hukitupa wakidhani kimezidi: ndicho cha kuubana mnyororo ukutani ukiwa umenyooka. Kifunge kwa fisha yake. Uingereza wanataka mwisho wa mnyororo uwe angalau sentimita 150 kutoka sakafuni, na mimi nafuata kipimo hicho kila nyumba yenye mtoto. Kochi nalo lisogezwe mbali na dirisha, maana mtoto hulifanya ngazi.

*Fundi, nipo Tanga. Chumba changu kina dirisha la kaskazini. Nimefunga blaindi nyeusi ili nilale mchana, kwani nafanya kazi usiku. Mwezi wa Disemba nililala vizuri, mwezi wa Julai chumba ni tanuri. Je, niongeze pazia zito?*
*Mlinzi wa usiku*

Pazia zito halitakusaidia, ndugu yangu. Kwetu huku kusini ya ikweta, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, ndiyo maana dirisha lako linapata jua Julai na si Disemba. Na joto likishavuka kioo limeshaingia ndani. Blaindi nyeusi inalinywa na kukurudishia chumbani taratibu. Tafuta blaindi yenye mgongo mweupe, weupe utazame kioo, sehemu ya jua irudi ilikotoka. Lakini dawa hasa iko nje: kipande cha turubai au mkeka wa ukindu uliotundikwa mbele ya dirisha, uachane na kioo kiasi cha shibiri moja ili upepo upite katikati. Anza na mkeka wiki hii, ulale mchana mmoja, kisha uniandikie.