Huyo si panya, ni sange

Mkuu, umeuliza ni panya gani mwenye pua ndefu uliyemwona mchana kule msitu wa Ndundulu, upande wa Kilolo, Iringa, akirukaruka kwenye majani makavu. Kama uso wake ulikuwa wa kijivu na makalio meusi tii, una bahati kubwa. Huyo ni sange wa milima ya Udzungwa, Tanzania, na duniani kote anajulikana kwenye misitu miwili tu, Ndundulu-Luhomero na Mwanihana. Wataalamu walimpiga picha kwa kamera za mtegoni, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, mwaka 2005, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Ana uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wengine wote.

Kwa ukoo yuko karibu zaidi na pimbi na tembo kuliko panya. Ile pua huichezesha huku na huku akifukua majani kutafuta mchwa, buibui, jongoo na nyungunyungu. Usiku hulala. Kiota chake ni kishimo kifupi kilichofunikwa lundo la majani, unaweza kukikanyaga usijue, kwa hiyo tembea kwenye njia. Dume na jike hukaa eneo moja, ila mara nyingi kila mmoja hutembea peke yake.

Anahitaji msitu wenye majani mengi chini. Moto ukipita, chakula na malazi vyote vimekwisha. Nawaomba wanaosafisha mashamba kando ya msitu wawe waangalifu sana wakati wa kiangazi.

Ukiwa na picha, tafadhali iweke hapa.