Nyumba ya baba kihambani: nianze na fundi au na mtendaji?

SWALI: Shikamoo mama. Kwetu ni Uru, Moshi Vijijini, ila nafanya kazi Dar. Mimi ni mtoto wa pili kati ya watano. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita, na mama yuko nyumbani, miguu inamsumbua. Nyumba iko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, ina vyumba vitatu, na choo kiko nje kule migombani. Nataka kuongeza chumba chenye choo cha ndani kwa nyuma, na veranda mbele. Fundi ananiambia kijijini hakuna habari ya kibali, nitume hela ya mawe na saruji aanze kabla ya masika. Shemeji anasema kuna mtu huko chini alichorewa X nyekundu ukutani. Nimsikilize nani? Na nikishajenga, sehemu hiyo itakuwa yangu?
Msomaji wa Uru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kumfikiria mama. Mtu mzima kushuka migombani usiku na tochi, udongo umelowa, ni hatari ya kila siku.

Fundi na shemeji kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Kinachoamua ni aina ya ardhi mliyo juu yake. Kama bado ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na wa kuongea naye ni halmashauri ya kijiji. Hapo huombi kibali kama anavyoomba mtu wa Majengo au Shanty Town, kule Moshi mjini. Lakini eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, hata chumba kimoja cha kuongeza kinataka kibali cha halmashauri ya wilaya, hata kama migomba bado inagusa dirisha. Watu wengi hunaswa hapa, kwa sababu mji huwafuata walipo. Angalia Himo, angalia Ngaramtoni kule Arusha: leo ni miji midogo, na waliokuwa wakilima pale hawakuhama.

Kwa hiyo kabla ya kutuma shilingi, mtu wa nyumbani aende kwa mtendaji wa kijiji aulize: kitongoji chetu kimeingia kwenye eneo la mipango? Mtendaji akisitasita, jibu liko idara ya ardhi ya halmashauri ya wilaya. Na mkiona bikoni za zege, zile alama za wapima ardhi, zimepandwa karibu na masale, mimea yetu ya mpakani, fundi asiguse jembe mpaka mpate jibu hilo.

Likiwa eneo la mipango, utahitaji mchoro unaoonyesha nyumba ilivyo na kinachoongezwa, umbali hadi mipaka, mahali pa shimo la maji taka, na uthibitisho wa umiliki. Mpe kazi hiyo mchoraji aliyesajiliwa. Michoro ya kunakili ya mafundi ndiyo inayorudishwa.

Likiwa kijiji tu, bado nakusihi uandike barua. Nakwambia kwa uchungu. Mwaka 2009, nami nikiwa mtumishi wa ardhi, nilimjengea mama yangu jiko kule Kibosho, nikamwachia fundi kwa simu. Akapima kutoka kwenye migomba badala ya masale. Ukuta ukasimama hatua moja tu kutoka mpakani, na bati likavuka upande wa pili. Mvua za Aprili zilipoanza, maji ya paa yalichimba shimo la kina cha kiganja kwenye shina la kahawa la jirani. Mzee huyo alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la baba. Nilikwenda kwake na jani la sale mkononi kuomba radhi. Alinipokea, lakini ukuta niliubomoa, na mama alipikia nje mwaka ule wote.

Basi fanya hivi. Barua kwa mtendaji, na mchoro wa mkono uliopimwa kwa futi kamba. Siku ya kupima wawepo mwenyekiti wa kitongoji na jirani wa upande ule, mpime kutoka kwenye masale yenyewe, wote watie sahihi, nakala ipigwe mhuri ubaki nayo. Upande ambao paa linamwaga maji, mimi huwashauri watu waache mita tatu. Huo ni ushauri wangu tu, lakini umezuia ugomvi mwingi.

Umesema unajenga kwa nyuma. Kwa jinsi kwetu kulivyo na makorongo, pima pia hadi mtoni: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kama mfereji unapita karibu, shimo la choo likae mbali nao, kisha waone wenye mfereji kabla hujachimba. Kuna watu huko chini wanachota maji hayo.

Kuhusu umiliki, hapana. Ukuta haukupi ardhi. Kama mirathi ya baba haijafunguliwa mahakama ya mwanzo, kihamba bado ni cha marehemu na warithi wake, na unajua kwa mila yetu nyumba ya wazazi huangukia kitindamimba. Nimeona ndugu wakikosa kusalimiana msibani kwa ajili ya chumba kama hicho. Itisha kikao, mama awe wa kwanza kusema, muhtasari uandikwe kwamba unamjengea mama na gharama ni zako. Ukitaka pako mwenyewe, omba ukatiwe kipande wakati wa kugawa, kisha utafute hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako.

Masika yasikukimbize. Msingi mpya uliochimbwa mvua zikiwa mlangoni hudidimia, na ufa hutokea pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Muulize fundi ataunganishaje kuta hizo mbili; akishindwa kueleza, tafuta mwingine. Anzeni Juni, ardhi ikishakauka. Kwa sasa mtengenezee mama njia ya mawe hadi chooni, na kamba ya kushikilia, na taa ya sola mlangoni. Hayo yanaweza kufanyika wiki hii.