Kabla ya kuingiza broila, fungua kalenda ya Kiislamu

Wanaoniuliza kama kuku wa nyama (broila) bado wana faida Mombasa huanza na bei ya kifaranga. Mimi huwauliza kwanza: utauza mwezi gani?

Ulaji wa kuku umepanda, hilo halina ubishi. Toka Kisauni mpaka Likoni, stendi za matatu zimejaa vibanda vya chipsi kuku. Ila soko letu haliendi sare mwaka mzima. Hupaa wakati wa vunjajungu, siku za kula na kunywa kabla ya Ramadhani kuanza, likapaa tena Idi, kisha zikafuata harusi za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Broila huchukua wiki tano hadi sita, kwa hivyo wa vunjajungu waingie bandani katikati ya Rajabu, na wa Idi katikati ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani. Ukisubiri mwezi wa Ramadhani uandame ndipo uagize vifaranga, Idi itakupita kuku wako wakiwa bado wanakula.

Na kula kwao si mchezo. Kuku wa kilo mbili amemaliza kilo tatu na zaidi za chakula, na chakula ndicho kinachobeba gharama nyingi kuliko kitu kingine chochote. Soya inayotiwa kwenye chakula hicho nyingi hutoka nje ya nchi; shilingi ikiyumba, bei ya gunia nayo huyumba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi miaka hii ni joto. Ramadhani hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na sasa imeangukia kaskazi, msimu wa joto huku pwani. Mwaka 2030 inatarajiwa kuandama mara mbili, Januari na mwishoni mwa Desemba. Yaani kwa miaka kadhaa mbele, soko zuri litakuja na jua kali. Kuku hatoi jasho, hutweta tu, na anayekufa si kifaranga, ni yule mnene wa wiki ya tano ambaye umeshamgharamia vyote. Urefu wa banda uende mashariki hadi magharibi ili jua lisipige ubavuni, paa la makuti likiwezekana. Punguza idadi: penye nafasi ya kuku 300, weka 240. Ondoa chakula kuanzia saa nne asubuhi, urudishe jua likipoa, na maji yawe baridi mchana kutwa. Wakifika kilo moja na nusu, anza kuuza. Hizo gramu za ziada hazistahili hatari yake.

Hoteli nyingi hulipa kwa mkopo wa mwezi au zaidi, na muuza chakula anataka taslimu. Ndiyo maana mimi kuku wengi huwauzia akina mama wa vibanda.