Sembe au dona kwa watoto?

Dada, umeuliza kama uwapikie watoto dona, yaani ugali wa mahindi yasiyokobolewa, na mama mkwe anasema hicho ni chakula cha shida. Wapikie. Sembe ni nyeupe kwa sababu mahindi yamekobolewa, ganda na kiini vikatoka pamoja na mafuta, nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Pumba hiyo tunawapa kuku!

Ila nunua mahindi mwenyewe, uyachambue kwenye ungo. Punje yenye ukungu au iliyotobolewa, tupa. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Saga kidogo kidogo, maana dona huchacha upesi. Mwanzoni changanya na sembe, nusu kwa nusu. Mama mkwe mpakulie kwanza, ugali ukiwa wa moto, na mlenda.